Miti Saba kwa Mzigo Mmoja wa Matawi

Mimi huhesabu kila kitu mara mbili. Marehemu baba, aliyekuwa na duka la nguo mjini Singida, alitufundisha hivyo tukiwa hatujafikia urefu wa kaunta: hesabu ya kwanza ni ya anayekuuzia, ya pili ndiyo yako. Kwa hiyo siku ya kwanza nilipofika kwa yule bibi wa Iguguno, kabla sijashuka kwenye gari, nilikuwa nimeshahesabu miti yake ya migunga. Tisa. Nikahesabu tena nikishuka. Tisa.

Mwaka uliofuata nilihesabu mara mbili vilevile, na mara zote mbili nikapata mmoja.

Nina hoteli ndogo mjini. Nasema hoteli, lakini hakuna anayelala pale isipokuwa paka. Napika wali maharage, makande, supu ya asubuhi. Gesi naijua na ninayo, ila sufuria ya makande ya watu sitini haiivi kwa gesi bila kumfilisi mpishi, hivyo natumia kuni, na kuni nazifuata mwenyewe. Dereva wa kigari cha kirikuu anayenibebea mizigo ndiye aliyeniambia kuna bibi anauza mgunga mmoja ulioegemea jiko lake. Mti wa pembeni, akasema, mkubwa, umeanza kukauka upande mmoja, bibi anaogopa upepo.

Tulimkuta akichambua alizeti uani. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba bila kuinua kichwa, kisha akakiinua na kuanza kuniuliza habari za nyumbani, za watoto, za kazi, za mvua ya mjini, kana kwamba mvua ya mjini ni nyingine. Nyumba yake ya tofali na bati, jiko pembeni, zizi la matawi ya miiba, na mbuzi kumi na wanne. Migunga ilianzia jikoni ikaenda kwa mstari usionyooka mpaka mwisho wa shamba. Haikupandwa. Mumewe alipofyeka shamba zamani aliamua kuiacha, akasema mti unaolisha mbuzi kiangazi haufyekwi. Na kweli, majani yote yakishakauka, migunga ndiyo hudondosha yale maganda yaliyojikunja kama pete, na mbuzi huyaokota kama watoto wanaookota pipi kwenye harusi. Mumewe mwenyewe alizikwa chini ya ule wa mwisho, ulio mkubwa kuliko yote. Haya yote alinieleza kabla ya kutaja bei. Mjini tungesema anapoteza muda.

Alipotaja bei nikacheka kidogo, lile cheko la heshima ambalo maana yake ni kwamba hatujaanza. Nikataja yangu. Akacheka na yeye. Tukaenda hivyo, tukakutana katikati, karibu zaidi na kwangu. Gogo likawa langu.

“Na matawi?” nikauliza.

“Matawi nabaki nayo, mwanangu. Zizi linavuja.”

Sasa, matawi yale niliyataka. Yalikuwa makavu, membamba, ya kuwashia moto alfajiri. Mpatanaji yeyote atakuambia kwamba biashara bila nyongeza ni kama chai bila sukari: utakunywa, lakini utakuwa na kinyongo. Nikalishika tawi moja lililokuwa limeinama karibu na uso wangu, na hapo nikaviona. Vinundu. Vidogo kama punje za choroko, vingine vikubwa kama karanga, vimeota kwenye vijiti, vigumu, vya rangi ya gome lenyewe. Nikavunja kijiti.

“Bibi, hivi vinundu umeviona?”

“Si vipo siku zote.”

“Ndivyo vinavyoanza,” nikasema. “Huu ni ugonjwa. Ukiyaweka matawi haya kwenye zizi, umeuzungushia mji wako wote. Leo mti mmoja, kesho tisa.”

Lazima nieleze kitu hapa, si kwa kujitetea. Mjini kwetu kasoro ni sehemu ya bei. Ukinunua kanga unasema rangi itachuja. Ukinunua kuku unasema anasinzia. Mwenye kuku hashtuki, anakujibu: mbona wewe mwenyewe unasinzia na umetolewa mahari? Mnacheka, mnashusha, mnapandisha. Hakuna mtu duniani aliyewahi kumpeleka kuku wake hospitali kwa sababu mnunuzi alisema anasinzia. Nilingoja bibi anijibu: kama mgonjwa, mbona unautaka? Jibu lake nilikuwa nalo tayari mdomoni.

Hakunijibu hivyo. Aliweka mkono mdomoni akautazama mti, kisha akautazama mstari wote mpaka kule mwisho.

“Mungu wangu,” akasema. “Sasa matawi nifanyeje?”

“Dawa yake ni moto.”

“Niyachome?”

“Usijisumbue, bibi. Nitayabeba, nitayachomea mjini.”

Akanishika mikono yote miwili. Akaniambia asante.

Kwenye gari, tulipofika barabara ya lami, dereva akanigeukia. “Mama,” akasema, “ule ugonjwa umeusomea wapi?”

“Kaunta ya marehemu baba.”

“Na wagonjwa wenyewe tumewapakia nyuma.”

Tulicheka. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: tulicheka, mimi zaidi yake. Matawi yaliwaka vizuri. Yaliniwashia jiko kwa asubuhi kumi na moja. Nilihesabu.

*

Mwaka uliofuata, alizeti zimeshavunwa, nilirudi. Nilikuwa nimeshapanga kumwomba mti mwingine, na njiani nilikuwa natafuta kasoro mpya, maana ile ya zamani nilishaitumia.

Kitu cha kwanza nilichokiona ni nafasi. Pale palipokuwa na vivuli palikuwa na anga tupu mpaka chini. Dereva akapunguza mwendo, ingawa hakuna aliyemwambia apunguze. Visiki vinane, kimoja cha mti wangu na saba vipya, na kando ya kila kipya duara jeusi la majivu ambalo mvua haijalifuta vizuri. Mwisho wa shamba ukasimama ule mmoja mkubwa.

Bibi alinitambua kabla sijamaliza kufungua mlango. Alikuja haraka, karibu kukimbia, akamwita jirani aliyekuwa akipita na baiskeli: “Huyu ndiye yule niliyewaambia! Aliyeujua ugonjwa!”

Jirani akavua kofia. Mimi, mtu wa kuni, navuliwa kofia.

Alinikalisha, akanipikia chai, akanieleza kama mtu anayetoa ripoti kwa mkubwa wake. Nilipoondoka ile siku alikagua mti mmoja mmoja. Yote ilikuwa na vinundu. Akaenda ofisi ya kijiji, akaeleza, akaandikiwa kibali. Akaingia ndani akakileta, kimekunjwa kwenye mfuko wa plastiki. Palipoandikwa sababu ya kukata, kwa wino wa buluu, juu ya muhuri: ugonjwa wa vinundu. Uongo nilioutunga kwa sekunde tatu nikiwa nimeshika kijiti ulikuwa na muhuri. Hata leseni yangu ya biashara muhuri wake haukuwa mzuri hivyo.

“Magogo niliwauzia wachoma tofali,” akasema. “Ila niliwaambia ukweli kwamba ni migonjwa, wakashusha bei sana. Sikuwalaumu. Matawi sikumpa mtu, hata waliokuja kuomba. Nilichoma yote hapohapo, kama ulivyoelekeza.”

Kasoro yangu, basi, iliendelea kupatana bei baada ya mimi kuondoka, na ilikuwa upande wa wachoma tofali.

“Na mbuzi, bibi?” nikauliza, ingawa nilikuwa nimeshawahesabu. Sita. Mara mbili, sita.

“Kiangazi kilikuwa kirefu. Maganda hakuna. Wengine niliuza wakiwa wamekonda, watatu walikufa.” Akanimiminia chai zaidi. “Lakini afadhali mbuzi kuliko kuwaambukizia watu miti yao. Na wewe Mungu akulipe. Ulibeba ugonjwa kwa gari lako, kwa mafuta yako, mpaka mjini. Nani siku hizi anafanya hivyo?”

Dereva aliinuka akaenda kuangalia tairi. Tairi haikuwa na tatizo lolote.

Kisha bibi akaniambia lile alilokuwa akiningojea nalo. Mti wa mwisho ulikuwa umemshinda. Mara mbili wakataji walikuja, mara mbili akawarudisha. Sasa majirani walikuwa wakinong'ona kwamba anaulea ugonjwa kwa ajili ya kaburi, na nyumba tano zilikuwa zimeshafunga kamba za alama kwenye migunga yao wenyewe zikisubiri yeye amalize kwanza. Alikuwa amekubali. Wakataji wangekuja Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

“Nilimwomba Mungu akulete kabla,” akasema. “Wewe unajua. Je, huu hauna dawa nyingine? Lazima shoka?”

Hapo ndipo ningesema. Sentensi ilikuwa moja tu, na ulimi ninao, watu wa soko kuu watathibitisha. Nikasema, “Usiukate kwanza, bibi. Nipe kijiti chake nikakionyeshe kwa wataalamu.”

Akakikata mwenyewe kwa panga, akakifunga kwa kitambaa kama dawa.

*

Sikwenda kwa bwana misitu kutafuta ukweli. Nilikwenda kuomba anithibitishie kwamba sikudanganya. Usiku kucha nilikuwa nikijiambia huenda ni ugonjwa kweli, huenda niliotea, watu huotea. Nikamwekea kijiti mezani, nikamwambia, “Mzee, huu si ugonjwa mbaya huu?”

Hakuwa mzee, alikuwa kijana kuliko mimi, ila nilitaka awe upande wangu. Alitoa wembe kwenye droo, akakipasua kinundu kimoja katikati kama anayepasua embe bichi. Ndani palikuwa na chumba. Chumba hasa, kidogo, safi, kimesakafiwa, na humo kiwavi mweupe asiyezidi punje ya ufuta.

“Mama yake alitaga yai kwenye kijiti kikiwa kichanga,” akasema. “Mti ukaota nyama kumzunguka mtoto. Anakula humo, analala humo, akikua anatoboa, anaruka zake. Ni vidudu vya aina nyingi, vingine kama nyigu ila vidogo kuliko hata mbu.”

“Na mti unakufa?”

“Huu? Mgunga mkubwa?” Akacheka. “Unapoteza kidogo. Chakula ambacho kingekwenda kwenye jani au ua kinakwenda kujenga nyumba ya mgeni. Mche mdogo ukishambuliwa ncha zote, huo unaweza kudumaa, hata kufa. Mti uliokwishakomaa ni kama mtu mwenye chunjua. Umewahi kwenda msiba wa chunjua?”

“Lakini unahama. Unaambukiza.”

“Mdudu ana mabawa, mama, anakwenda anakotaka. Alikuwepo kabla ya kijiji. Ukikata mti mmoja hujamfukuza, umemwonyesha jirani.” Akakigeuza kijiti. “Halafu tazama matundu haya. Wameshatoka. Watu wanakata mti kumfukuza mpangaji aliyehama.”

Nikachukua kijiti nikaanza kuhesabu vinundu. Thelathini na vinne. Vyenye matundu ishirini na tisa. Nikarudia. Bwana misitu alinitazama nikihesabu akadhani ni bidii ya kujifunza.

“Kwani kuna mtu amekata?” akauliza.

“Kuna bibi mmoja,” nikasema. “Alidanganywa na mfanyabiashara.”

“Wafanyabiashara,” akasema, akatikisa kichwa, na mimi nikatikisa changu. Mpaka leo nikikumbuka kile kichwa changu kikitikisika pale ofisini, naona haya kuliko nikikumbuka visiki.

*

Ijumaa nilirudi Iguguno. Bibi alikuwa ametandika mkeka. Nikampa shikamoo, nikakaa, na nikaanza kupatana bei na ukweli.

Nilimwambia wataalamu wameangalia, wamegundua kwamba vinundu hivi si vya hatari kama ilivyodhaniwa. Nilisema hivyo, ilivyodhaniwa, kana kwamba walikuwa wengi waliodhani. Nilimweleza habari ya kiwavi na chumba chake. Nikamwambia mti ule asiukate, utaishi, utaangusha maganda.

Alisikiliza vizuri. Akatabasamu kwa ajili ya ule mti. Kisha tabasamu likamwishia taratibu, akawa anatazama visiki kimoja kimoja, akifanya hesabu yake.

“Basi mimi ndiye sikukuelewa,” akasema. “Wewe ulisema mti mmoja ule tu. Mimi mshamba nikajiongezea. Mume wangu aliniachia tisa, nimekata saba kwa ujinga wangu.”

Bei niliyoitaka ilikuwa hiyo hiyo. Alikuwa anakubali kuubeba mzigo wote, na nyongeza juu. Ningenyamaza tu, tungekunywa chai.

“Bibi,” nikasema, “hukukosea kusikia. Nilikwambia leo mmoja kesho tisa. Nilidanganya. Sikuwa najua lolote kuhusu vinundu. Nilitaka matawi.”

“Matawi gani?”

“Ya ule mti. Ulisema unabaki nayo kwa ajili ya zizi. Nikatafuta kasoro ili unipe.”

Kuku alipita kati yetu akadonoa mkeka. Bibi hakumfukuza.

“Kwa hiyo uliyabeba ili…”

“Ya kuwashia moto, bibi. Hotelini.”

Nilingoja anitukane. Ningeshukuru. Badala yake alikunja uso kama mtu ambaye hesabu inakataa, na nikaona kwamba kinachomtatiza si uovu wangu. Ni udogo wake.

“Matawi tu?” akasema. “Si ungeomba. Ungeniambia, bibi, naomba matawi nami nina shida ya kuwashia moto, ningekupa. Zizi ningeziba na kitu kingine.”

Miaka yote hiyo ya kupatana, sijawahi kuomba kitu. Nilikuwa sijui kwamba ni njia.

Alisimama, akajifunga kanga vizuri kiunoni, akachukua fimbo yake. “Haya, inuka. Twende.”

“Wapi, bibi?”

“Walikofunga kamba. Utawaambia wewe, kwa mdomo uleule.”

Tulikwenda nyumba tano kwa miguu, yeye mbele. Kila nyumba alipiga hodi, tukasalimiana mpaka salamu zikaisha zote, za wazima, za wagonjwa, za mifugo, kisha akasema, “Mwanangu huyu ana neno,” akanipisha. Nyumba ya kwanza nililieleza kwa kirefu, na biashara, na malezi, na desturi za mjini. Bibi akanikatiza: “Fupisha, watu wana kazi.” Nyumba ya tatu mwenye mji alikuwa yule wa baiskeli aliyenivulia kofia, na yeye hakungoja Jumamosi, alikuwa ameshakata miwili.

“Kwa hiyo nisingekata?” akauliza.

“Usingekata.”

Aliiweka kofia yake kichwani, akaishusha mpaka karibu na macho. “Mjini mna kazi,” akasema.

Kufika nyumba ya tano lilikuwa limebaki neno fupi: nilidanganya ili nipate matawi. Watoto wa pale walicheka, wakidhani ni kitendawili. Mama yao akawafukuza, akafungua kamba mbele yetu, akaikunja vizuri akaiweka mfukoni, maana kamba ni kamba.

Jumamosi wakataji walikuja, bibi akawapa uji, wakaondoka na mashoka yao. Mgunga wa mwisho bado upo. Una vinundu, nimevikagua, na una maganda.

Bado nakwenda Iguguno. Kuni nachukua kwingine, kwake nanunua mayai, na siku ambayo gari lina nafasi nampelekea matawi ya miiba kwa ajili ya zizi. Hayapokei kwa shukrani wala kwa hasira, ananionyesha tu pa kuyaweka. Bei sipatani naye tena. Anataja, natoa. Anapandisha makusudi, mayai ya pale sasa ni ghali kuliko ya mjini, natoa. Nilidhani hiyo ndiyo heshima, lakini naona inamkera, maana anabaki na trei mkononi akiningoja nitaje bei yangu.

Mara ya mwisho alinitazama nikiyahesabu, mara ya kwanza, mara ya pili.

“Yametimia?” akauliza.

“Yametimia, bibi.”

“Na leo huoni kasoro? Hata kinundu kimoja?”

Nilisema sioni. Dereva alikuwa ameshageuza uso kutazama barabara. Bibi akaingia ndani kuhesabu mbuzi wake, ambao sasa ni wanane, na alihesabu kwa sauti, taratibu, ili niliye nje nisikie.